Harusi ya Tanga ya miaka ya 60 na 70: mpangilio, vifaa na vipimo vilikuwaje?

Mjukuu_wa_Ngamiani

Asalaam aleikum, na shikamooni wakubwa.

Binamu yangu anaoa Tanga mjini. Yeye na mchumba wake hawataki ukumbi, hawataki kamati ya michango, hawataki kadi. Wanataka ndoa ifungwe kama zilivyofungwa mtaani Ngamiani, hapohapo Tanga, miaka ya 1960 hadi mwanzo wa 70: posa ya mshenga, nikahi, chakula uani, fungate ya siku saba, halafu waanze maisha katika chumba kimoja. Wageni ni mia moja, hawazidi.

Tunakwama hapa: nani anatoa nini, na kwa utaratibu upi? Bibi harusi anatayarishwaje, kuanzia lini? Watu mia wanapikiwa mchele kiasi gani? Na hicho chumba kilikuwa na nini ndani? Tukiwauliza wazee nyumbani kila mmoja ana lake, na kila mmoja anaapa ndivyo ilivyokuwa.

---

Somo_Makorora

Wa aleikum salaam. Marahaba mwanangu.

Wazee wenu wote wanasema kweli. Mdigo, Mbondei, Msegeju na Mshirazi hawakuwa na ada moja, na hata mtaa na mtaa walitofautiana. Kwa hiyo jambo la kwanza: fuateni ada ya nyumba ya binti. Mkichanganya mbili mtagombana mbele ya wageni.

Mshenga awe mtu mzima, asiwe baba wala kaka wa muoaji. Faida yake ni kwamba akikataliwa, zile nyumba mbili bado zitasalimiana kesho. Barua iandikwe kwa baba wa binti au msimamizi wake, itiwe kwenye bahasha, ifungwe ndani ya leso safi pamoja na pesa kidogo ya kufungulia barua. Barua tupu haifunguliwi. Wala msikae kusubiri jibu siku hiyohiyo. Zamani lilichukua wiki, pengine zaidi, maana mashangazi na wajomba lazima waulizwe, na kuna watu wanatumwa kuchunguza: kijana anaswali? Anafanya kazi gani? Ana deni dukani? Ana mke mahali pengine? Binti naye anaulizwa na somo (mwanamke anayemfunda mwali) au bibi yake. Kimya cha mwali kilihesabiwa ridhaa, lakini somo mwenye akili hakutosheka nacho, alimuuliza tena faraghani. Nanyi muulizeni tena.

Jibu likirudi linakuja na orodha: mahari, mkaja wa mama, kilemba cha baba, na kwa wengine kitu cha bibi na cha mjomba. Hapa ndipo pa kuangalia. Mahari ni mali ya binti mwenyewe. Hizo nyingine ni ada za wazazi na jamaa. Ziandikwe mbalimbali, kila moja na kiasi chake na nani kaipokea. Zikijumlishwa, siku ya nikahi shehe atauliza mahari, baba atataja jumla, na binti atakuja kudai kitu ambacho kishaliwa. Ugomvi wa namna hii unadumu kuliko fungate.

Sasa mwali. Siku saba kabla, anatolewa jikoni na juani. Kila jioni anasuguliwa singo. Chukueni mchele uliolowekwa na kukaushwa, kikombe kimoja, na maua makavu ya asumini na mawaridi, kikombe kimoja. Tieni karafuu kijiko kimoja cha chai tu, ikizidi inawasha. Twangeni, chekecheni, changanyeni na marashi ya mawaridi mpaka iwe uji mzito. Anapakwa, inaachwa ikauke nusu, halafu inasuguliwa ikingali na unyevu. Ikikauka kabisa inachubua ngozi. Liwa (mti wa kunukia) inasagwa kwenye msio (jiwe la kusagia) kwa matone ya maji, inapakwa usoni baada ya kuoga. Mwali mwenye ngozi nyepesi apunguziwe mchele.

Hina ipakwe usiku wa pili kabla ya nikahi, si usiku wa mwisho. Rangi hutoka ya machungwa kwanza, inaiva kwa siku moja hadi mbili. Unga wa hina uchekechwe mara mbili, ukandwe kwa maji ya ndimu na chai ya rangi iliyopoa, ulale masaa kadhaa. Ukishapakwa ukae masaa sita au zaidi, kisha ubanduliwe kwa kisu butu na mafuta ya nazi. Akiosha kwa sabuni asubuhi, kazi yote imepotea.

Piko nawakataza. Ile nyeusi inayokolea kwa nusu saa ni rangi ya nywele, inaunguza watu na kuwatoa malengelenge. Asiyesikia na ajaribu tone dogo nyuma ya sikio siku mbili kabla.

Vikuba (vishada vya maua ya kunukia) vitungwe alasiri. Asumini ichumwe ikiwa bado imefumba, itafumbuka usiku shingoni kwa bibi harusi. Mkichuma asubuhi, kufikia magharibi ni majani tu. Rihani na kilua vikipatikana viongezwe. Udi ufukizwe juu ya makaa yaliyoshika jivu. Moto mkali unaunguza udi, na nguo zinanuka moshi.

---

Mpishi_wa_Shughuli

Nikahi ya kawaida haikuwa na pilau kwa wote. Wanaume waliokuja kushuhudia walipata kahawa chungu, halua, basi. Kwa watu mia, halua kilo 4 inatosha. Chakula kizito walikula jamaa na majirani, na nyumba nyingi zilipika wali wa nazi na mchuzi, kwa sababu nazi zilikuwa uani na samaki bandarini. Wali wa nazi kwa wengi ni kazi lakini: nazi mbili kwa kila kilo ya mchele, maana yake kilo 14 zinataka nazi 28 za kukuna kwa mbuzi. Hiyo ni kazi ya wanawake wanne asubuhi nzima. Mkiwa hamna mikono hiyo, pikeni pilau.

Pilau ya watu mia: mchele kilo 14, nyama yenye mifupa kilo 14, viazi kilo 8, vitunguu maji kilo 5, mafuta lita 2 na nusu, vitunguu saumu nusu kilo, tangawizi nusu kilo. Viungo: bizari nzima gramu 150, pilipili manga na mdalasini gramu 40 kila kimoja, iliki 30, karafuu 15. Gawanyeni sufuria mbili za kilo saba saba. Sufuria moja ya kilo 14 inakuwa bokoboko chini na mawe juu, kwa sababu uzito wa mchele wa juu unauponda wa chini na mvuke haupandi sawasawa.

Nyama ichemshwe kwanza na tangawizi, saumu na chumvi, supu itunzwe. Vitunguu vikaangwe hadi viwe kahawia kabisa, rangi ya pilau inatoka hapo. Anayetia nyanya kuitafutia rangi hajui pilau. Vikianza weusi tu, tieni saumu na viungo na nyama haraka, maana sekunde chache zaidi ni uchungu usiotoka. Viazi viingie, supu na maji vifike jumla ya lita 10 hivi kwa kila sufuria, ikiwa mchele umelowekwa nusu saa na kuchujwa. Onjeni supu kabla ya mchele: iwe imezidi chumvi kidogo. Maji yakikauka juu ya mchele, ondoeni kuni zote zenye ndimi za moto, acheni makaa machache chini, funikeni kwa sinia na mpalie makaa juu. Dakika 30 hadi 40. Asifunue mtu.

Kilo 14 ni kwa watu mia wanaokula pamoja kwenye sinia, wanne au watano kila moja. Mkigawa sahani moja moja, ongezeni kilo 3. Na tengeni sahani ya majirani walioleta sufuria zao. Wakisahauliwa, sufuria hamtaazimwa tena.

---

Karani_Mstaafu

Mambo mawili ya karatasi, kisha la miaka.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 1971. Kwa sheria hiyo, wanaotaka kuoana wanatoa taarifa kwa msajili siku 21 kabla. Watu wengi hupanga tarehe na shehe, wakakumbuka taarifa zikiwa zimebaki siku kumi. Hesabuni nyuma kuanzia siku ya nikahi. Kwenye fomu mtaulizwa kama ndoa ni ya mke mmoja au inaruhusu zaidi: wazungumze wao wawili kabla, msimwachie mshenga ajaze. Cheti kikitoka, someni majina herufi kwa herufi palepale.

Nikahi yenyewe ni fupi. Walii (msimamizi anayemwozesha binti), mashahidi wawili, hotuba, tamko la kuozesha na la kukubali, na mahari kutajwa. Kinachochelewesha karibu kila mara ni walii. Baba akiwa amefariki au yuko mbali, walii anayefuata ajulikane mapema, au awepo wakala aliyepewa ruhusa mbele ya mashahidi. Mahari yanaweza kulipwa yote au mengine kubaki deni, lakini itamkwe ni kiasi gani kimelipwa na kiasi gani kimebaki. Kisha bwana harusi anakwenda kumpa mkono bibi harusi. Mlangoni atakuta mashangazi wamesimama, hapiti bila kutoa cha kufungua mlango. Awe na noti ndogondogo mfukoni. Akitoa noti kubwa moja hapewi chenji, na nyuma ya mlango kuna somo naye anangoja chake.

Kuhusu miaka: msichanganye 1965 na 1980. Mpaka na Kenya ulifungwa Februari 1977, ukafunguliwa Novemba 1983. Kabla ya hapo, vitu vya sanduku la bibi harusi wa Tanga vilivuka Horohoro kutoka Mombasa bila shida. Baadaye ikawa magendo, na kanga, sabuni na sukari vikawa vya foleni. Mkitaka sura ya miaka ya 60, sanduku linakuwa na doti za kanga, viatu, marashi, udi. Mkitaka ya 1980, doti mbili na shukuruni. Muziki nao: Tanga ya wakati huo ni taarabu ya vikundi vidogo vya magitaa, Black Star na Lucky Star, si okestra kubwa ya Unguja.

---

Seremala_Barabara_ya_Nane

Chumba. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, ua nyuma wenye jiko na choo cha wote. Waoanao walipanga chumba kimoja na wakakijaza kidogo kidogo.

Kitanda kwanza, na hicho ni cha mwanamume. Cha kamba kina matendegu manne, mifumbati miwili ya urefu na vitakizo viwili. Futi nne kwa sita. Matendegu yawe ya mninga au mvule, yaliyokerezwa, yenye matundu ya kuchomeka, bila msumari. Kamba ya ukindu au ya makumbi ilowekwe kabla ya kuwamba, ikikauka inajikaza yenyewe. Mkiiwamba kavu, baada ya wiki kitanda kinazama katikati na watu wawili wanaviringika shimoni. Hata ikiwambwa vizuri, ikazwe tena baada ya siku saba au nane. Kunguni hukaa kwenye matundu ya viungo: maji yanayochemka, si mafuta ya taa, kwa kuwa juu yake kuna godoro la sufi, na sufi inashika moto upesi. Godoro hilo lianikwe juani kila wiki na kupigwapigwa. Likilowa, sufi inagandamana madonge na hairudi.

Vyombo ni vya upande wa mwanamke: kinu na mchi, mbuzi ya nazi, kifumbu cha kuchujia tui, ungo, vyungu viwili (cha wali na cha mchuzi, msivibadilishe, harufu ya samaki haitoki), sufuria, sinia, kawa, birika, mtungi na kata, mkeka, jamvi. Taa ya chemli moja na koroboi ya uani. Kwa usiku wa shughuli azimeni karabai. Mafuta yake yachujwe kwa kitambaa. Yakiwa na maji inakoroma na kuzima kila dakika kumi.

---

Mjukuu_wa_Ngamiani

Allah awalipeni kheri. Mawili yamebaki. Fungate inafanyika kwa nani, na bwana harusi ana likizo ya siku tano tu. Halafu pesa ya nyumba ilipangwaje, maana wote wawili wana kazi.

---

Somo_Makorora

Fungate kwao binti. Mume ndiye anayehamia huko, mama mkwe anapika, somo analala chumba cha jirani. Mume haji mikono mitupu, anaacha pesa ya matumizi ya siku hizo kwa somo, si kwa mama mkwe. Asubuhi uji wa mchele wenye pilipili manga na iliki, mchana supu ya kuku. Wageni wasiruhusiwe kabla ya alasiri. Siku ya saba binti anatolewa na vyombo vyake, anakwenda kwake.

Siku tano zinatosha. Wenye kazi za zamu reli na bandarini walifanya tatu na ndoa zao hazikuharibika. Siku mbili zilizobaki binti abaki na somo, mume aende kazini arudi jioni.

Pesa: kodi, mchele, mafuta ya taa na kuni au mkaa ni juu ya mume, kila mwezi, kabla hajalipa kitu kingine. Pesa ya mke ni yake, na hapo zamani ilikwenda kwenye upatu (mchango wa kupokezana kwa zamu) wa wanawake wa mtaa. Akiingia upatu, mwezi wa kwanza aombe kupokea katikati au mwisho. Mgeni akipewa wa kwanza, wenzake hukaa na wasiwasi kila mwezi kama ataendelea kutoa. Na daftari la dukani lifungwe kila Ijumaa. Likiachwa mpaka mwisho wa mwezi, muuza duka ndiye anayekumbuka peke yake.

---

Mpishi_wa_Shughuli

Nyongeza tu: mchele mpya unakunywa maji machache kuliko wa zamani. Kabla ya siku yenyewe pikeni kilo moja ya gunia mlilonunua, mkipima maji. Lita 10 nilizotaja zitapungua au kuongezeka kwa hapo.