Naomba ushauri: nikiimba kama Mark Lanegan, koo linawaka

Habari zenu wanamuziki, wakubwa shikamooni. Naimba besi kwenye kwaya hapa Mbeya, na jioni tuna kikundi chetu kidogo cha magitaa huko Uyole.

Kinachonisumbua ni sauti ya Mark Lanegan, yule mwimbaji wa roki Mmarekani aliyefariki 2022. Nilimsikia kwanza akiwa na bendi ya Queens of the Stone Age, nikarudi nyuma hadi Screaming Trees, bendi yake ya zamani, kisha nikakutana na albamu aliyotoa 2006 na mwimbaji Isobel Campbell wa Scotland. Bendi zinabadilika, yeye habadiliki: sauti nzito, yenye mikwaruzo kama kandambili juu ya changarawe. Kwa Campbell ndipo ananimaliza. Hatumii nguvu, karibu ananong'ona, na bado anaujaza wimbo mzima.

Nikimuiga, koo linawaka na Jumapili besi haitoki. Nimeshusha ufunguo, nimekunywa tangawizi, nimepumzisha sauti. Nikirudia, hali ni ile ile. Baridi ya Juni na Julai nayo haisaidii. Mwalimu wa kwaya anasema niache tu, ila kwake roki yote ni kelele. (Wa kunishauri nivute sigara, asante, nimeshaambiwa.)

Naomba kujua: mikwaruzo ile inafundishika bila kuumiza koo, na kama ndiyo, nianze na zoezi gani? Pili, nijifunzie nyimbo za bendi zenye kelele au hizi za taratibu na Campbell?