Kipimo cha akiba kinachotegemea umeme wa mwenzake SI cha akiba! Mafundi na wauzaji, acheni

Wakuu, hili jambo limezidi. Mwenye Cessna 172 au 206 ya zamani anang'oa pampu ya vakyumu iliyokuwa ikizungusha vipimo vya zamani, anafunga skrini kubwa mbele ya rubani, kisha anauziwa kiskrini kidogo cha akiba cha kuonyesha mlalo (jinsi ndege ilivyoinama) kwa maelezo mawili tu: kinaingia kwenye tundu lile lile la inchi 3 na moja ya nane, na kinang'aa vizuri. Analipa maelfu ya dola. Haambiwi kinakula umeme wapi, wala kinajuaje kuwa ndege imelalia bawa gani.

Tuanze na umeme, maana ndiko kwenye uzembe mbaya zaidi. Fundi anaunga waya wa kiskrini kwenye breka (swichi ya usalama inayokata umeme) ya skrini kubwa kwa sababu kuweka breka mpya kunamwongezea kazi. Waya mmoja ukichubuka na kugusa bodi, breka inaruka na skrini zote mbili zinapoteza umeme kwa mpigo mmoja. Kama betri ya ndani ya kile kidogo imechoka, rubani aliye mawinguni amebaki na dira na maombi. Kipimo cha akiba kinatakiwa kiwe na breka yake, yenye jina lake, mahali mkono unapofika mkanda ukiwa umefungwa.

Na betri za viskrini hivi hazilingani. Ya Garmin G5 imeandikiwa hadi saa 4. Ya Garmin GI 275, iliyotoka 2020, dakika 60. SAM ya Mid-Continent, kama saa 1. Kwa safari ya Dar–Zanzibar saa 1 inatosha na kubaki. Kwa 206 inayokwenda Mwanza msimu wa masika, alteneta ikifa katikati ya njia, haitoshi. Halafu hizo ni saa za betri mpya! Ndege inayoshinda juani, dashibodi ikichemka kila siku, inazeesha lithiamu haraka. Muulize muuzaji betri imetengenezwa lini. Na ukinunua GI 275 iliyotumika, soma namba ya kifaa: toleo la msingi halina vihisi vya mlalo kabisa, ingawa kwa sura ni yale yale.

Sasa hapa ndipo wauzaji wanaponyamaza. Ndani hakuna jairo, yaani gurudumu la kushika mwelekeo, linalozunguka kama kwenye vipimo vya zamani. Kuna vihisi vidogo vinavyopima mzunguko na msukumo, na usomaji wake huhama kidogo kidogo hadi kukosea. Ndege ikikata kona ndefu, kihisi kinaona "chini" ni sakafu ya ndege, siyo ardhi. Programu inajisahihisha kwa kulinganisha na mwendo, unaotoka kwenye pitoti (bomba la nje la kupimia kasi ya hewa) au GPS. Kwa hiyo nyigu akijenga ndani ya bomba la pitoti, kipimo kinachotegemea pitoti peke yake kinaweza kuonyesha mlalo wa uongo, au kikaufuta kabisa. Kama skrini kubwa nayo inanyonya bomba hilo hilo, zote mbili zimedanganywa na nyigu mmoja. Maswali ni haya: pitoti ikiziba, kinahamia GPS? Na GPS hiyo ina antena yake, au inaazimwa kutoka skrini kubwa ambayo ndiyo tunahofia itakufa?

Vibali navyo. G5 ilipata STC (kibali cha kurekebisha ndege yenye cheti) ya Marekani mwaka 2016 kushika nafasi ya kipimo cha mlalo, lakini kipimo cha mwendo na altimita (kipimo cha kimo) za zamani zinabaki kuwa ndizo kuu. Kuna mafundi wanazing'oa "kupunguza msongamano". Pia lipo toleo la G5 la bei nafuu la ndege za kujiundia, sura ile ile, ambalo halifungwi kwenye ndege yenye cheti. Angalia namba ya kifaa, angalia modeli ya ndege yako kwenye orodha ya STC, na kwa ndege ya 5H (iliyosajiliwa Tanzania) hakikisha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wameikubali kazi hiyo kabla dashibodi haijakatwa.

Mipira ya pitoti na statiki (tundu la kupimia shinikizo la hewa) ikishafunguliwa, lazima ipimwe kuvuja. Ndege isawazishwe kwa pimamaji kabla ya kuweka sifuri ya mlalo. Nyuzi 2 za kosa hapo utazibeba kila safari. G5 ina jaribio la mtetemo, injini ikiunguruma, na hilo ndilo linalorukwa zaidi kwa sababu linataka ndege itolewe hanga.

Kabla ya kulipa, washa umeme ndege ikiwa chini. Vuta breka ya skrini kubwa: kidogo kisitikisike. Vuta na yake: alama ya betri itokee, mlalo ubaki palepale. Zima swichi kuu, kikianza kuhesabu kujizima kisitishe, weka saa, kiache mpaka betri iishe, dakika ziandikwe kwenye kitabu cha ndege. Fundi akikataa kufanya hivyo mbele yako, usimsainie.