Siku moja hifadhini na lenzi ya 100–400: kwa nini picha za mchana hazina ukali?

Nyika_Tulivu:
Wadau, habari za leo. Nina siku moja tu hifadhini, tangu geti linapofunguliwa hadi linapofungwa. Gari ni la paa la kufunguka, kamera ni ya sensa ya APS-C (ndogo kuliko ya fremu kamili), lenzi ni ya kuvuta, milimita 100–400. Safari iliyopita picha za asubuhi zilikaa vizuri, ila za kuanzia saa tano hadi saa tisa karibu zote zimefifia: manyoya ya simba yamechanganyika kama rangi iliyomwagiwa maji. Shata ilikuwa 1/1000 ya sekunde na lenzi ni ileile ya asubuhi. Tatizo ni lenzi, ni fokasi, au ni kitu kingine? Na siku yenyewe niipangeje, nizunguke nione wengi au nikae sehemu moja?

Jicho_la_Kozi:
Mkuu, lenzi yako iache, haina kosa. Kinachoharibu ni hewa. Jua likishapanda ardhi inachemka, hewa iliyoigusa inapanda, ya baridi inashuka, na mwanga unaopita katikati ya hewa hizo unapindapinda njiani. Ni mazigazi yaleyale yanayofanya barabara ionekane ina maji. Kwa macho matupu huyaoni sana, lakini lenzi ya 400 inayakuza pamoja na mnyama. Ukiongeza kasi ya shata hupati kitu, na hakuna programu ya kompyuta itakayorudisha manyoya yaliyopotea namna hiyo.

Kuhakikisha, piga picha kumi mfululizo za mnyama aliyelala, kisha zikuze. Zikiwa zimefifia zote kwa kiwango kimoja, na nyasi za mbele au za nyuma yake ndizo zenye ukali, fokasi imekosea. Mistari ikiwa imevutika upande mmoja, mkono au gari limetikisika. Ila kila picha ikiwa imeharibika kivyake, hii sikio limepinda, inayofuata sharubu zimegawanyika mara mbili, hapo ni hewa.

Dawa yake ni umbali. Jua likiwa kali, mnyama aliyevuka mita 40 au 50 mtazame kwa darubini tu, usimalizie kadi kwake. Aliye mita 15 bado atatoka safi. Wingu zito likifunika jua kwa muda, jaribu tena, hewa hutulia.

Chanzo kingine ambacho watu hawakishuku ni gari lenyewe. Ukipiga picha juu ya boneti iliyochemka, au lenzi ikiwa imelala karibu na bati la paa lililoanikwa juani, mazigazi unayatengeneza wewe. Hata kile kikingio cha mbele ya lenzi hushika hewa ya joto ndani yake ukikitoa kivulini ghafla. Kivue kwa dakika chache. Na kama mnatumia kiyoyozi, kizimeni robo saa kabla ya kufika mnapotaka kupiga, la sivyo kioo kilichopoa kitashika ukungu kikikutana na hewa ya nje yenye unyevu.

Mama_Tandala:
Nakujibu hilo la kuipanga siku, maana ndilo linaloamua urudi na nini.

Kwenye nchi za karibu na Ikweta jua halipandi kwa mshazari, linapanda karibu wima. Linasogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo saa moja tu baada ya kuchomoza limeshakaribia urefu huo na vivuli vimeanza kuwa vigumu. Mwanga wa dhahabu unaousikia ukisifiwa una dakika 60 hivi asubuhi na 60 jioni, basi. Uwe getini kabla halijafunguliwa, kamera imeshawashwa na mipangilio imeshawekwa. Kutafuta betri ndani ya begi saa kumi na mbili na nusu ni kuutupa mwanga wenyewe.

Saa hiyo nendeni polepole, kilomita 20 kwa saa au chini, na msome dalili. Swala pala kumi wote wakikodolea macho upande mmoja, angalia huko, usiwaangalie wao. Twiga aliyeacha kula na kusimama wima amemwona mnyama ambaye ninyi hamjamwona. Tumbili wakibweka juu ya mti, mara nyingi ni chui. Tai wanaozunguka juu sana wanatafuta tu, bali wanaoshuka moja kwa moja mmoja baada ya mwingine wameona mzoga. Na kabla magari hayajawa mengi tazama vumbi la barabarani: nyayo ya chui au simba haionyeshi kucha, ya fisi inaonyesha, na duma naye inaonyesha, kwa sababu kucha zake hazirudi ndani kama za paka wengine. Nyayo iliyolalia juu ya alama ya tairi imekanyagwa baada ya gari hilo kupita, na kingo zikiwa bado kali mwenyewe hayuko mbali.

Mkishampata mnyama, kaeni. Kosa kubwa la siku moja ni kukimbizana na taarifa za madereva wengine, ukafika kila mahali dakika tano baada ya tukio. Simba huweza kulala hata saa 20 kwa siku. Ukiwakuta kivulini saa nne, weka alama ya mahali, ondoka, urudi saa kumi na moja jioni. Mara nyingi hawajaenda mbali na ndio wanaanza kujinyoosha na kupiga miayo. Katikati ya mchana kaeni kwenye maji, injini imezimwa. Wanyama wanakuja wenyewe, umbali ni mfupi, kwa hiyo hata tatizo la hewa alilolieleza Jicho_la_Kozi linapungua.

Kwa duma nasisitiza. Yeye anawinda mchana na kwa macho. Akianza kunyata, gari libaki lilipo. Likisogea linashtua swala au linamkatia njia, na mlo wake umepotea kwa sababu ya picha.

Fremu_Moja:
Naongeza mipangilio.

Weka shata na tundu la lenzi kwa mkono, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iachie kamera, kikomo 6400. Aliyetulia 1/500, anayetembea 1/1000, anayekimbia 1/2000, ndege arukaye 1/2500 kwenda juu. Tundu f/5.6 au f/8 (namba ikipanda tundu linapungua na sehemu yenye ukali inaongezeka), lakini elewa unachokata. Kwa sensa yako, 400 mm na f/5.6, mnyama akiwa mita 10 sehemu yenye ukali ina sentimita 14 tu. Akiwa mita 20 inafika kama sentimita 55. Maana yake simba dume aliye karibu akikuelekea, pua na macho haviingii pamoja. Fokasi iende kwenye jicho, au ufunge hadi f/8.

Kutambua macho kwa kamera ni msaada mkubwa, ila nyasi ndefu zikiwa mbele inahama na kushika nyasi. Rudi kwenye nukta moja ndogo na uipenyeze kwenye uwazi.

Kipima mwanga nacho hudanganywa na rangi. Nyati akijaza fremu, kamera inadhani kuna giza na kumfanya wa kijivu: punguza theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kubaki nusu). Yangeyange mweupe mbele ya kichaka cheusi, punguza stopu nzima, la sivyo manyoya yanageuka karatasi. Yangeyange huyohuyo akiwa angani kwenye weupe, ongeza stopu moja.

Halafu mfuko wa maharage. Kilo 2 au 3, na usiujaze pomoni; theluthi mbili inatosha ili lenzi izame na kushikwa pande zote. Ukijaa sana unakuwa kama mpira na lenzi inateleza. Injini izimwe, na abiria wasihame viti wakati unapiga. Kwa lenzi ndefu, mtu mmoja akigeuka kwenye kiti fremu nzima inaruka.

Piga hesabu ya kadi pia. Picha 20 kwa sekunde, kila moja MB 30, ni MB 600 kwa sekunde. Kadi ya GB 64 inakwisha chini ya dakika mbili za kubonyeza. Kwa mnyama aliyelala weka picha moja moja.

Nyika_Tulivu:
Nashukuruni sana, nimeelewa. Swali dogo: nipigie kwenye paa au dirishani? Na vumbi, nabadilishaje lenzi?

Fremu_Moja:
Kwa aliye karibu, dirishani. Simba aliyelala mita 8 kutoka gari, ukiwa kwenye paa unamtazama kwa pembe ya nyuzi 14 hivi, ukiwa dirishani ni 6, na picha inakaa usawa wa macho yake badala ya kumwonyesha mgongo. Akiwa mita 40 tofauti inabaki nyuzi moja na nusu tu, hapo paa ni bora kwa sababu linakuvusha juu ya nyasi.

Lenzi usiibadilishe kabisa gari likitembea. Likisimama, subiri vumbi lake lipite, funga madirisha na paa, zima feni, zima kamera, mdomo wa kamera uelekee chini. Kwenye kioo anza na pampu ya mkono ya kupuliza, kitambaa kije mwisho. Chembe za mchanga ukizisugua ndizo zinazochora.

Mama_Tandala:
Mawili nilisahau. Msivae nyeusi wala buluu iliyokoza kwenye maeneo ya miti, rangi hizo zinawavuta mbung'o. Na tembo akitanua masikio, akatikisa kichwa na kuwakabili, msipige honi wala kunguruma injini. Rudini nyuma taratibu mkimwachia njia. Dume lenye michirizi ya maji kati ya jicho na sikio, na mkojo unaodondoka miguuni, mpeni nafasi kubwa tangu mwanzo, hata kama ametulia.

Jicho_la_Kozi:
Nami la faru. Kabla ya kuingia getini zima GPS ya kamera na ya simu. Picha ya faru ikiwekwa mtandaoni na mahali pake ndani ya faili, jangili anaelekezwa bila kuuliza mtu. Kama ilishapigwa GPS ikiwa wazi, futa taarifa hizo kwanza, na usitaje jina la barabara wala bonde kwenye maelezo. Ukiweka baada ya wiki kadhaa ni salama zaidi kuliko siku hiyohiyo.