Nifanyeje niione galaksi ya M83 nikiwa Mwanza?

Wakuu, naombeni ushauri. Niko Ilemela, nina darubini ya mkono ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za mbele zina upana wa milimita 50). Mwezi huu wa tano nimeitafuta M83 usiku nne, sijaipata, na natamani mno kuiona. Ni galaksi ya mikono inayojizungusha, yenye mhimili wa nyota katikati. Mwanaastronomia Mfaransa Lacaille aliigundua mwaka 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema. Mwanga wake umesafiri miaka kama milioni 15!

Inapanda juu upande wa kusini kwenye saa tano usiku, lakini kusini kwangu ndiko taa za mji. Mwezi usipokuwepo, wavuvi wa dagaa nao wanawasha taa ziwani. Niende Misungwi, au nivuke Ukerewe? Na nianzie nyota ipi kuitafuta?