Naombeni msaada: mnahakikije kitabu cha picha chenye maneno machache hivi?

tumaini_kurasa:
Wadau habari zenu. Huwa naandika uhakiki mfupi wa vitabu vya watoto kwa kikundi cha wazazi tunaoazimana vitabu, vile vya picha vya wadogo kabisa na vile vya sura fupi fupi vya watoto wanaoanza kusoma wenyewe. Juzi nikakaa nikasoma mfululizo nilichoandika kuhusu vitabu kumi vya mwisho na kiukweli nikaumia, maana maneno ni yaleyale, hadithi nzuri, picha zinavutia, kina mafunzo, msomeeni mtoto. Ukifunika jina la kitabu huwezi kujua naongelea kipi.

Na kuna kimoja kimeninyima raha kabisa. Ni cha mtoto anamtafuta paka wake nyumba nzima, kila ukurasa sentensi moja, chini ya kitanda hayupo, nyuma ya mlango hayupo, juu ya kabati hayupo, hivyo hivyo hadi mwisho anampata. Nikaandika kinarudiarudia na mtoto atakichoka. Mama mmoja akakiazima hivyo hivyo, akaja kuniambia mwanae wa miaka minne kakitaka usiku tano mfululizo na kila wakikisoma anapiga kelele. Sasa mimi nilikosa nini pale?

Naombeni mnisaidie, mnaandika nini kuhusu kitabu ambacho maneno yake yote hayajai hata ukurasa mmoja wa daftari, bila kusimulia hadithi yote? Na hivi vya sura, mnapimaje kama ni kigumu au chepesi? Na kikiwa kibaya mnasemaje, maana mwandishi naye ni mtu na kajitahidi.

bibi_wa_hadithi:
Mwanangu, kabla hatujafika mbali, hicho cha paka ulikisoma kwenye nini?

tumaini_kurasa:
Kwenye simu bibi, nilitumiwa PDF, nikawa nashusha ukurasa mmoja mmoja.

bibi_wa_hadithi:
Basi hapo ndipo. Tafuta kopi yenyewe, ikae mapajani, na mtoto awe pembeni.

mkono_wa_rangi:
Bibi kamaliza ila ngoja niongezee kama mchoraji maana hili linanigusa sana. Kitabu cha picha hakichorwi ukurasa mmoja mmoja, kinachorwa kurasa mbili zikiwa zimefunguka pamoja, ndio tunaita mfunuo, na kile kitendo cha kufunua ni sehemu ya hadithi. Vingi vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani ikikunjwa inatoa kurasa 8 au 16, kwahiyo hesabu inakwenda kwa mafungu hayo. Toa ukurasa wa jina na wa haki za uchapaji, unabaki na mifunuo kama kumi na tatu au kumi na nne hivi ya kusimulia kila kitu. Sisi tunakaa wiki nzima tunabishana na mwandishi jambo gani litokee kabla mkono haujafunua na lipi baada. Ukisoma kwenye simu kwa kushusha, hiyo kazi yote imepotea, huoni kwamba mkia umeachwa makusudi pembeni kulia ili mtoto afunue haraka amuone mwenye mkia.

Na hicho cha paka nina uhakika picha zinasema kitu ambacho maneno hayasemi. Kuna kitabu kinaitwa Rosie's Walk cha Pat Hutchins, cha mwaka 1968, maneno yake yanasema tu kuku katoka matembezi shambani akapita hapa na pale akarudi, yaani ukiyasoma peke yake hakuna kinachotokea. Mbweha anayemnyemelea kuku tangu mwanzo hatajwi hata mara moja, yuko kwenye picha tu! Mtoto ambaye hajajua kusoma ndiye anayemuona wa kwanza, mkubwa yuko bize na maneno. Ile raha ya mtoto kujua kitu ambacho msomaji wake anajifanya hajui, hiyo ndiyo unatakiwa uandike kwenye uhakiki.

Jaribu hivi, mara ya kwanza funika maneno pitia picha zote toka jalada hadi jalada, na zile karatasi za ndani ya jalada usiziruke maana wengine tunaanzia hadithi pale. Mara ya pili soma maneno bila kuangalia picha. Kama kimoja kinatosha bila mwenzake basi mwenzake anafanya nini humo? Hapo utapata la kuandika. Angalia pia mshono wa katikati, mimi inaniuma kuona sura ya mtoto imemezwa na mkunjo kisa mpangaji kurasa hakujali.

mwl_silabi:
Dada Tumaini mimi nafundisha wanaoanza kusoma kwahiyo nijibu la vitabu vya sura. Usiamini kipimo cha idadi ya maneno kilichotoka kwenye Kiingereza, kitakudanganya. Mfano Green Eggs and Ham cha Dr. Seuss cha 1960 kimeandikwa kwa maneno 50 tu tofauti na 49 kati ya hayo yana silabi moja moja. Wewe kwa Kiswahili utayapata wapi maneno ya silabi moja hamsini? Neno letu linabeba sentensi, "hatukumwonyesha" ni neno moja, silabi sita, na mtoto lazima ashike ha na tu na ku hadi afike mwisho hajasahau mwanzo. Kwahiyo kitabu kinaweza kuandikwa sentensi za maneno manne manne kikaonekana chepesi kumbe kila neno ni mlima.

Mimi naangalia vitu vya karibu kabisa. Mstari unakatwa wapi, kama umekatwa pale ambapo mtu angevuta pumzi mtoto anasoma vizuri, ukikatwa katikati ya fungu, mfano "akamwona paka mdogo wa" halafu "jirani" inaanza mstari wa chini, anasimama pale anadhani imeisha. Na neno likikatwa kwa kistari mwishoni mwa mstari kwa huyu wa miaka sita ndo kabisa, anasoma vipande viwili kama vitu viwili. Herufi ziwe kubwa na nafasi kati ya mistari iwepo. Majina ya wahusika je? Nina mtoto alisoma kitabu chenye Neema na Neli na Nuru, watatu wote, akafika sura ya tatu analia anasema haelewi nani kaiba mpira. Si mjinga, katika umri ule wengi wanalitambua jina kwa herufi ya mwanzo na umbo lake, sasa umempa watatu wanaoanza na N. Hilo liandike kwenye uhakiki wako, mzazi atakushukuru.

Alafu picha kwenye vitabu vya sura ni za kumpumzisha na kumhakikishia kwamba alichosoma ndicho, sasa ikiwekwa ukurasa mmoja kabla ya tukio imemwibia siri. Hilo nalikuta mara nyingi mno. Na kama maneno yanasema shati jekundu na picha ina shati la bluu, jua mtoto atasimama pale na hataendelea mpaka umpe maelezo.

Njia ya haraka ni ile ya vidole vitano, mtoto anasoma ukurasa mmoja na kila neno lililomshinda anakunja kidole, vikiisha vyote vitano kitabu bado kigumu kwake kusoma mwenyewe. Lakini si kwamba kitupwe, msomee wewe.

baba_pacha:
Mimi sijui sana mambo ya uchoraji ila nina swali kwa mleta mada, kwani lazima kila uhakiki useme kina mafunzo gani? Wanangu wawili ukiwauliza umejifunza nini wanakunja uso, ila ukiwauliza kwanini mhusika alijificha kwenye kabati wanaongea nusu saa.

mwl_silabi:
Hapo kaka tutofautiane kidogo. Wazazi wengi wanauliza kwanza mafunzo na hawana kosa, wanataka kujua kitabu kinaingiza nini nyumbani. Ila kuna tofauti ya kitabu ambacho mhusika anakosea na unaona anavyojirekebisha mwenyewe, na kile ambacho kwenye ukurasa wa mwisho anatokea mzee kusikojulikana anaeleza somo aya nzima. Huo ukurasa watoto wangu wanaufunga kabla sijamaliza.

baba_pacha:
Sawa mwalimu hapo nakubali. Basi asiandike "kina mafunzo", aandike mhusika alifanya nini.

bibi_wa_hadithi:
Kuhusu kitabu kibaya. Mwanangu mimi nimesomea watoto na wajukuu miaka mingi na ninachosema ni hiki, usiandike kibaya, andika kilikwama wapi. "Sura ya pili ina kurasa kumi na tano bila picha, mjukuu wangu wa miaka saba alilala ukurasa wa sita." Hapo umemheshimu mwandishi maana anajua pa kurekebisha, na mzazi mwenye mtoto anayependa kusoma kirefu atakichukua vilevile. Kama mtoto kakipenda na wewe hukukipenda, andika yote mawili, usifiche lako na usifiche lake. Na soma kwa sauti. Kuna sentensi machoni ni nzuri lakini mdomoni zinakwama kama mfupa, na kitabu cha picha kinaishi mdomoni. Usiku wa tatu wa kukirudia ndio unaokwambia ukweli.

Jambo jingine usimwambie mtoto kwamba unamchunguza. Mwangalie kidole chake tu kinaenda wapi.

tumaini_kurasa:
Nimerudi wapendwa. Nimekiazima tena kile cha paka, nikakaa na mtoto wa dada yangu ana miaka mitatu na nusu. Yaani natamani kuomba radhi. Paka YUPO kila mfunuo! Chini ya kitanda maneno yanasema hayupo na kweli chini ya kitanda hayupo, ila kuna ncha ya mkia kwenye pazia. Nyuma ya mlango hayupo, masikio mawili yako kwenye kapu la nguo. Mtoto akawa ananishika shavu ananigeuza uso, "yule pale, yule pale!", na mimi nikasoma "hayupo" kama ilivyoandikwa na yeye akazidi kunikasirikia kwa furaha. Mkono_wa_rangi ile ya karatasi za ndani ya jalada ni kweli, mwanzoni kuna nyayo za matope zinaingia na mwishoni zinatoka, nilikuwa sijaziona.

Nimeandika upya, naombeni mniambie:

"Maneno ya kitabu hiki yanasema paka hayupo. Picha zinasema yupo. Mtoto wa miaka mitatu au minne atamuona kabla yako, na kazi yako wewe unayesoma ni kushikilia kwamba humuoni. Sentensi ni ileile karibu kila mfunuo na ndiyo maana kufikia usiku wa pili mtoto anaisema mwenyewe kabla hujafika. Mfunuo wa kabati ni dhaifu kidogo kwa sababu paka kaangukia kwenye mshono na inabidi kitabu kivutwe ili aonekane. Kisomeni kwenye karatasi, si kwenye simu. Ni kitabu kizuri chenye kufundisha uvumilivu."

bibi_wa_hadithi:
Vizuri sana mwanangu. Sentensi ya mwisho itoe.

mkono_wa_rangi:
Itoe kweli. Alafu ongeza jina la mchoraji, umeandika uhakiki mzima wa kazi yake na hujamtaja.