Dawa ya mchwa imeingia kisimani kwetu Kisauni, Mombasa, naombeni ushauri

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nimeshika tama tangu juzi. Kisima chetu cha uani alichimba babu, kina futi kama 30, na nyumba tatu huchota hapo. Wiki mbili nyuma jirani alileta mtu wa kupiga dawa ya mchwa kwenye msingi wa nyumba yake. Alipomaliza akaja kuoshea bomba lake la mgongoni kwenye sakafu ya saruji inayozunguka kisima chetu. Mamangu alimuona: maji meupe kama tui yakateremka kwenye ufa wa saruji.

Alhamisi mvua ikanyesha usiku kucha. Ijumaa alfajiri natumbukiza ndoo, inapanda na perege wawili tuliowaweka wale viluwiluwi vya mbu. Wamekufa. Maji yananuka mafuta ya taa kwa mbali. Mama asema tuyachemshe, maana maji ya mkokoteni ni ghali. Jirani ashikilia kuwa dawa haifiki chini huko. Nina mtoto wa mwaka na nusu. Nifanyeje?

Fundi wa visima, Likoni:
Dadangu, toa kamba na ndoo leo hii, na hizo nyumba nyingine uzijulishe kabla ya magharibi. Jirani hasemi uongo kabisa: dawa nyingi za mchwa hung'ang'ania udongo. Lakini chini yetu huku ni jiwe la matumbawe lenye nyufa na vishimo, maji ya juu huteremka upesi. Na hii yenu imepitia kwenye ufa, udongo haikuugusa sana.

Usikimbilie pampu kuvuta kisima kizima. Kwanza huna pa kumwaga: ukimwaga uani yanarudi kisimani au yaenda kwa mwenzio. Pili, visima vyetu vya karibu na bahari ukivivuta kwa fujo vinapanda chumvi, na chumvi ikishaingia utaijutia miaka. Pima kwanza.

Muuguzi mstaafu:
Mama umwambie kwa upole, lakini mwambie: kuchemsha huua vijidudu, dawa haiondoki. Maji yakipungua sufuriani yaweza kubaki humo ikiwa nzito zaidi. Klorini nayo usitie. Baadhi ya dawa za mchwa zina klopirifosi, sumu ya kuulia wadudu, na hiyo ikikutana na klorini hugeuka sumu kali kuliko ilivyokuwa. Mkaa wa jikoni pia si chujio. Kuna vichujio vya mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu kwa kuchuja, vinavyonasa dawa nyingi za aina hii, ila usimtegemee muuzaji kabla hujajua kilichomo na kiasi gani.

Usimuogeshe mtoto kwa maji hayo, wala msitie udhu, kwa kuwa dawa hizi hupenya ngozi. Mkimwona mtu anatokwa na mate na jasho jingi, anatapika, misuli inacheza, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, msingoje kupambazuke. Mkimbizeni hospitali kubwa ya Makadara, na mbebe picha ya lebo ya dawa.

Mkaazi wa Bamburi:
Hiyo lebo ndiyo ufunguo. Maabara hawawezi kutafuta dawa wasiyoijua jina. Mkemia wa Serikali ana ofisi hapa Mombasa. Uliza kama kipimo hicho wanacho na chupa wanataka ya namna gani. Maji ya kupima dawa hutiwa kwenye chupa ya kioo cheusi, ijazwe hadi shingoni, iwekwe kwenye barafu na ifike upesi. Chupa ya soda ya plastiki hunywa dawa, majibu yatakuja ya uongo.

Na kwa jirani usiende na hasira. Nenda na mzee wa mtaa, muombe chupa ya dawa tu. Mambo ya fidia yatakuja majibu yakitoka.

Mleta uzi:
Shukran sana, Mola awalipe. Jirani ameitoa chupa mwenyewe, na kweli imeandikwa klopirifosi. Alipomuona mtoto mlangoni akanyamaza kitambo, kisha akasema maji ya mkokoteni wiki hii atalipa yeye kwa nyumba zote tatu. Kesho naenda kuulizia kipimo. Kisima tumekifunika bati na mawe manne, na kamba nimeificha chini ya kitanda changu, kwa sababu mama bado akipita pale anakitazama.