Betri ya lithiamu kwa pikipiki iliyoundwa upya: nikague nini kabla ya kununua?

Msafiri wa Tudor

Salaam kwenu nyote. Ninaiunda upya Suzuki GN250 katika gereji moja hapa Tudor, Mombasa, na kazi imefika mahali ambapo sina budi kuamua juu ya betri. Tumeondoa vifuniko vya pembeni pamoja na sanduku la betri ili pembetatu iliyo chini ya kiti ibaki wazi, kwa hiyo nafasi pekee iliyosalia ni trei nyembamba ndani ya nundu ya kiti, ambamo betri ya asidi ya kimo cha kawaida haiwezi kusimama.

Mwembe Tayari nimeonyeshwa betri mbili. Ya kwanza ni lithiamu ya aina ya LiFePO4 (lithiamu, chuma na fosfeti), ndogo, uzito wake kama kilo moja, na ubavuni imeandikwa 12 Ah, yaani ampea-saa, kipimo cha akiba ya umeme. Ya pili imeundwa na fundi kwa seli zilizotolewa katika betri kuukuu za kompyuta za mkononi, ikafungwa kwa plastiki ya buluu, na bei yake haifiki theluthi ya ile ya kwanza. Pikipiki yangu huwaka kwa stata pekee. Ina king'ora na kifaa cha kuifuatilia mahali ilipo, na kuna nyakati hukaa wiki mbili au tatu bila kuguswa ninapokuwa safarini. Naomba kujua ni betri ipi kati ya hizo inayofaa, na kama mfumo wa kuchaji wa pikipiki ya umri huu unaweza kuitunza lithiamu bila kuiharibu.

Fundi Umeme, Changamwe

Ndugu Msafiri, salaam zimefika. Hiyo ya plastiki ya buluu iache dukani, na sababu ni hesabu tu. Seli za kompyuta za mkononi hujaa zikifika volti 4.2 kila moja. Zikiungwa tatu kwa mfuatano, betri nzima hujaa kwa volti 12.6, ilhali pikipiki huchaji kwa volti 14 na ushei. Maana yake kila seli itasukumiwa karibu volti 4.8, na seli za namna hiyo zikizidishiwa chaji hupata moto, huvimba na huweza kulipuka kwa miali. Fundi akiziunga nne, betri itahitaji volti 16.8 ili ijae, kiwango ambacho pikipiki haifikishi, nayo itakaa haijafika hata nusu. Hakuna idadi ya seli hizo inayolingana na mfumo wa volti 12, na zaidi ya hayo zimekwisha kutumika, hujui kila moja imebakiwa na nguvu kiasi gani.

LiFePO4 ndiyo inayolingana. Seli yake moja ina volti 3.2 za kawaida na hujaa kwa 3.65, kwa hiyo nne huleta 12.8 na 14.6, karibu sawasawa na mfumo uliokusudiwa betri ya asidi. Kemia hiyo ilitoka kwa kundi la John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas, miaka ya 1990, na pamoja na kulingana kwa volti, hustahimili joto kubwa zaidi kuliko zile za kobalti, kama za kompyuta, kabla ya kuanza kuungua yenyewe.

Hata hivyo, usinunue chochote kabla ya kupima rekitifaya, kifaa kinachopokea umeme wa koili ya injini na kudhibiti volti zinazochaji betri, na hili nalisisitiza kwa kila mteja anayeniletea pikipiki ya zamani. Washa injini hadi ipate moto, weka mita ya umeme kwenye vichwa vya betri uliyo nayo sasa, uongeze mafuta hadi mizunguko 5000 hivi kwa dakika, kwanza taa zikiwa zimezimwa na kisha zikiwa zimewashwa. Unachotaka kuona ni kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikivuka 14.6, badilisha rekitifaya kwanza. Rekitifaya nyingi za pikipiki za zamani hupunguza umeme kwa kuufunga uliozidi urudi kwenye koili, kazi inayozifanya ziwe za moto muda wote, na siku inapokufa volti huweza kupanda hadi 16 na zaidi. Betri ya asidi ikifikishwa huko huchemka, hutoa harufu, nawe hupata muda wa kugundua. Lithiamu haikupi muda huo.

Kasoro ya upande wa pili husahaulika, nayo ni kuchaji pungufu. LiFePO4 iliyojaa, ikipumzika, husoma kama 13.3, kwa hiyo pikipiki inayotoa 13.2 mwendo wote haiwezi kuijaza, ingawa kwa betri ya asidi ingeonekana inajikongoja vizuri. Kabla ya kuilaumu koili, kagua soketi inayounga rekitifaya na nyaya za pikipiki. Hapa pwani utaikuta plastiki yake imegeuka rangi ya kahawia upande mmoja, na ukiivuta, pini za shaba zina ukungu wa kijani. Kata soketi hiyo, weka mpya, na mara nyingi volti zilizopotea zitarudi.

Bint Kizingo

Naongezea jambo ambalo muuzaji huenda hakukueleza, kaka. Tazama vizuri karibu na maandishi ya 12 Ah kama pana herufi PbEq. Zikiwapo, zinamaanisha kwamba betri hiyo huizungusha stata kama ambavyo ingefanya betri ya asidi ya ampea-saa 12, wala si kwamba ndani yake kuna akiba ya ampea-saa 12. Akiba halisi huwa ni kama theluthi ya namba hiyo, yaani ampea-saa 4 hivi, na ndiyo maana inakuwa nyepesi namna ile. Kama herufi hazipo lakini uzito ni kilo moja, hesabu yako iwe ileile.

Kwa mtu anayewasha pikipiki kila asubuhi akaenda nayo kazini, tofauti hiyo haina madhara. Kwako wewe ina madhara makubwa. Tuseme king'ora na kifaa cha kufuatilia vinavuta miliampea 40 kwa pamoja pikipiki ikiwa imezimwa. Ampea-saa 4 zitaisha baada ya saa 100, yaani siku nne na kidogo, ilhali betri ya asidi yenye ampea-saa 12 za kweli ingedumu saa 300. Na si suala la kutowaka tu, kwani LiFePO4 ikishuka chini ya volti 10 huanza kudhurika, na ikifika 8 haifai tena kuchajiwa, kwa sababu muundo wa ndani wa seli unakuwa umeharibika na chaji mpya huweza kusababisha seli kupiga shoti ndani kwa ndani.

Tahadhari nyingine ni ya namna ya kusoma mita. Fundi aliyezoea asidi akiona 12.8 atakwambia betri imejaa, naye kwa asidi atakuwa amesema kweli. Kwa LiFePO4, 12.8 ikiwa imepumzika ni betri inayokaribia kuisha.

Kwa hiyo pima kwanza mvuto wa pikipiki iliyozimwa. Fungua waya wa hasi, weka mita katika sehemu ya ampea kati ya waya huo na betri, na usithubutu kubonyeza stata mita ikiwa hapo, maana utaunguza fyuzi yake. Ikiwa mvuto ni mkubwa na hutaki kukiondoa kifaa cha kufuatilia, basi maoni yangu ya dhati ni kwamba uitazame upya betri kavu ya asidi ya aina ya AGM. Hiyo huweza kulazwa ubavu bila kumwaga kitu, jambo ambalo betri ya maji haliwezi, na huenda ikaingia katika trei yako ikilazwa. Utabeba kilo tatu zaidi, lakini pikipiki inayolala wiki tatu itakuwa katika mikono salama zaidi.

Mzee wa Likoni

Vijana wangu, yote yaliyosemwa ni sahihi; mimi naongeza habari za joto na chumvi, maana betri hizi huandikiwa maelezo na watu wa nchi za baridi. Onyo lao kubwa ni kwamba lithiamu hulegea asubuhi ya baridi na isichajiwe chini ya nyuzi sifuri, onyo ambalo Mombasa halituhusu. Linalotuhusu ni lile la juu: isipite nyuzi 60. Kivulini hapa tunafika nyuzi 32 au 33 mwezi wa Februari na Machi, ila chini ya kiti cheusi kilichopigwa na jua katika foleni ya feri, juu ya injini iliyozimwa punde tu, hali ni nyingine kabisa. Pikipiki ikisimama hakuna upepo wa kuondoa joto, nalo hupanda moja kwa moja kutoka kwenye kichwa cha silinda.

Nundu ya kiti ni mahali pazuri kwa sababu iko mbali na silinda, mradi ekzosi haipiti chini yake. Ikipita, weka bamba la alumini katikati na uache nafasi ya hewa kati ya bamba na trei, kwani bamba lililogusana na trei hupitisha joto vilevile. Betri yenyewe ilaze juu ya mpira laini wa sponji na uifunge kwa mkanda. Injini ya silinda moja ina mtetemo mkubwa, lakini usiibane betri kama jiliwa, maana seli hazipendi kushinikizwa kwenye kona.

Kuhusu chumvi, tumia vichwa vya waya vya shaba iliyopakwa bati, uvikaze kwa koleo lake maalumu, uvifunike kwa mpira unaosinyaa kwa moto, kisha upake grisi baada ya kukaza nati wala si kabla. Nati za betri hizi ni ndogo na nyuzi zake ni laini, kwa hiyo nguvu ya mkono mmoja inatosha. Fyuzi kuu ya nyaya za pikipiki, ambazo si za stata, iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana, na ukifungua betri anza na hasi. Lithiamu ikiguswa na spana kati ya nguzo zake mbili humwaga mamia ya ampea kwa mara moja, na spana hiyo huchomelea papo hapo.

Msafiri wa Tudor

Ahsanteni sana, na shikamoo Mzee. Nimepima. Mizunguko ikiwa juu na taa ikiwa imewashwa nimepata 14.2, na taa ikizimwa 14.4. Injini ikiunguruma polepole na taa ikiwaka inashuka hadi 13.0. Mvuto wa pikipiki iliyozimwa ni miliampea 38, karibu kabisa na mfano aliotoa dada. Herufi za PbEq zipo, zimeandikwa kwa ukubwa wa punje ya mchele pembeni mwa namba. AGM ya ukubwa unaofaa nimeijaribu ikiwa imelazwa na haikuingia, imezidi upana wa trei, na sehemu hiyo ya fremu imekwisha kuchomelewa. Nikichukua lithiamu, nifanye nini na huo mvuto, na je, chaja yangu ya zamani yenye kitufe cha kufufua betri itafaa?

Fundi Umeme, Changamwe

Rekitifaya yako ni nzima, hilo limeisha. Hiyo 13.0 ya kuunguruma polepole inaonyesha kwamba ukiwa katika msongamano wa Daraja la Nyali betri itakuwa inatoa badala ya kupokea. Balbu ya wati 55 peke yake huvuta zaidi ya ampea 4. Ukiweka taa ya LED ya wati 20 utapunguza mzigo huo kwa zaidi ya nusu, na kwa pikipiki yenye koili ndogo hilo ni badiliko lenye faida kuliko betri ya bei yoyote.

Kitufe cha kufufua kisiguswe kabisa. Hutuma mapigo ya volti 15 na zaidi ili kuvunja salfeti, ukoko unaoganda juu ya bamba za risasi za betri ya asidi, na ndani ya lithiamu hakuna salfeti ya kuvunjwa, kuna seli za kuuawa. Tafuta chaja iliyoandikwa LiFePO4, inayokoma kati ya 14.4 na 14.6.

Kwa mvuto, funga swichi ya kukata umeme upande wa hasi, mahali mkono unapofika bila kufungua kiti, uizungushe kila unaposafiri. Ukikata hapo, kifaa cha kufuatilia nacho huzimika, isipokuwa kiwe na betri yake ndogo ya ndani, na kama usalama wa mtaa wenu hauruhusu kukizima, basi nunua LiFePO4 yenye akiba kubwa zaidi hata ikikupasa kupanua trei. Muulize pia muuzaji kama ndani mna mzunguko wa ulinzi unaokata umeme volti zikishuka mno, au ni wa kusawazisha seli tu. Wenye kukata ni bora kwako. Siku moja ukikuta vichwa vya betri vinasoma sifuri kabisa, usidhani imekufa. Huenda ulinzi umejifunga, na chaja sahihi huufungua.

Jambo la mwisho la ununuzi: omba kuona alama au karatasi ya UN 38.3, ambayo ni majaribio ya usafirishaji yanayohusu mtikisiko, joto na mguso wa nyaya. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa shehena katika ndege za abiria, na zinazopanda ndege za mizigo hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji. Betri mpya haiji ikiwa imejaa, kwa hiyo ichaji kwanza ikiwa nje ya pikipiki, juu ya sakafu ya saruji, ukiwa karibu nayo.

Ukishaifunga, pima volti asubuhi kabla ya kuwasha, pikipiki ikiwa imelala usiku mzima bila kukatwa swichi, uniandikie hapa. Ikisoma 13.2 na zaidi, tuko sawa. Ikiwa chini ya 13.0, kuna kitu kingine kinachovuta kuliko hizo miliampea 38, na tutakitafuta waya mmoja mmoja.